Uyoga Uliotoka Jasho: Uchambuzi wa Kisa cha Uozo wa Bakteria katika Banda Moja Kisiwani Pemba

Usuli wa kisa

Kisa hiki kilitokea katika shehia moja ya kisiwa cha Pemba, pembezoni mwa bonde la mpunga. Jina la shehia na la kikundi kinachohusika hayatajwi, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwandishi aliitwa na kikundi kutoa ushauri wa kilimo wakati tatizo lilikuwa limeshafikisha wiki ya tatu. Kwa hiyo yanayoelezwa kuhusu siku za mwanzo yametokana na daftari la kikundi na masimulizi ya wanachama, na yanayofuata ameyaona mwenyewe.

Kikundi ni cha akina mama waliokuwa wakiuza makumbi na kamba, wakaamua kujaribu kilimo cha uyoga aina ya mamama, ule ambao wataalamu huuweka katika jenasi ya Pleurotus. Walikuwa na banda la kuta za mawe na udongo lililokuwa ghala la makumbi, na ndani yake wakajenga chanja za miti zenye ngazi tatu. Paa lilikuwa la makuti makuukuu yaliyovuja na kuhifadhi panya, hivyo kabla ya kuanza walichanga fedha wakaezeka mabati. Kila aliyepita aliwapongeza kwa mabati hayo, na mwandishi anakiri kwamba naye angewapongeza.

Njia yao ya kazi ilikuwa nzuri kwa jumla. Mabua ya mpunga yalikatwakatwa, yakarowekwa, yakachemshwa katika pipa la lita 200 kwa muda wa saa moja na nusu, yakapozwa juu ya jamvi safi, kisha yakashindiliwa kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu iliyonunuliwa bara. Mifuko ilikaa gizani kwa takriban wiki tatu hadi utando mweupe ulipoenea, ndipo ikatobolewa na kupangwa kwenye chanja. Maji yalitoka kisima cha jirani. Kunyunyizia kulifanywa mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, kwa bomba la mkono, na ratiba hiyo iliandikwa kwenye kipande cha boksi kilichopigiliwa misumari mlangoni.

Awamu ya kwanza ilianza Januari, upepo wa kaskazi ukivuma na hewa ikiwa kavu kiasi. Uyoga ulitoka mweupe, mnene, na hoteli moja ikaagiza kila wiki. Hapo ndipo ratiba ya kwenye boksi ilipopata heshima ya kuwa kanuni.

Masika yalipoingia

Mifuko ya awamu ya pili ilipangwa mwanzoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na katika mabonde hewa ya mwezi huo huwa nzito kiasi kwamba nguo zilizofuliwa hulala kambani siku mbili bila kukauka. Wanachama waliifurahia hali hiyo. Kila mtu kisiwani anajua kwamba uyoga wa porini huota mvua zikianza, na hivyo ilionekana wazi kwamba masika yangeupendelea uyoga wa bandani pia.

Mkupuo wa kwanza wa awamu hiyo, yaani uyoga unaochomoza kwa pamoja kwa mara moja, ulitoka vizuri. Siku ya tatu, vichipukizi katika baadhi ya mifuko vilisimama kukua vikiwa na ukubwa wa kichwa cha njiti ya kibiriti, vikageuka manjano mpauko, kisha kahawia. Katika vishada vilivyokuwa vimeshakomaa, kofia zilionyesha vidoa vya manjano kingoni na pale zilipogusana. Vidoa viliungana vikawa mabaka ya kahawia yaliyobonyea kidogo, na kufikia siku ya pili baada ya doa la kwanza kofia ilikuwa na utelezi, ikijikunja, na shina likibonyezwa linatoa maji. Harufu yake ilikuwa ya uvundo wenye shombo, na mwanachama mmoja aliilinganisha na maji ya ngisi yaliyosahauliwa kwenye beseni.

Mkubwa wa umri katika kikundi, ambaye wote humwita Bi Mkubwa na ambaye zamu yake ilikuwa ya alfajiri, alisema katika kikao cha wiki hiyo: “Wanangu, uyoga huu unatoka jasho usiku. Mimi nikiingia nakuta kofia zinang'aa kama zimepakwa mafuta.” Katibu aliyaandika maneno hayo katika daftari, na hakuna aliyeyashughulikia. Tutayarudia.

Hatua zilizochukuliwa kabla ya ushauri

Hatua ya kwanza ilitokana na kufikiri kwamba kingo za kahawia ni dalili ya kiu. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa katika kaskazi kofia zilizokosa maji hukauka kingoni na kupata rangi inayofanana na hiyo. Wakaongeza kunyunyizia kutoka mara mbili hadi mara nne kwa siku. Katika siku nne ugonjwa ulihama kutoka mifuko michache hadi robo ya banda.

Hatua ya pili ilikuwa kumlaumu muuza mbegu. Mwenyekiti alimpigia simu, maneno yakawa makali, na sehemu ya malipo ikazuiwa. Lawama hii ilikuwa na kasoro ambayo daftari lao wenyewe lingeionyesha: chupa za mbegu zilizotumika zilikuwa za shehena moja, na mifuko iliyopandwa kutoka chupa hizohizo ilikuwa mizima kabisa upande wa mlangoni ilhali ya katikati ya banda ikioza.

Hatua ya tatu ilikuwa klorini. Mmoja wao alikumbuka kwamba maji ya kunywa hutiwa dawa wakati wa kipindupindu, akashauri dawa ya kufulia nguo nyeupe itiwe kwenye maji ya kunyunyizia. Kipimo kilikuwa kikombe kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20. Tukichukua dawa yenye klorini ya asilimia 3.5 na kikombe cha mililita 250, maji hayo yalikuwa na takriban miligramu 437 za klorini katika kila lita, karibu mara tatu ya kiwango cha miligramu 150 ambacho wakulima wa uyoga wamezoea kutumia. Kofia changa ziliungua. Sasa banda lilikuwa na kahawia ya aina mbili, ya ugonjwa na ya dawa, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha kwa macho. Katika hatua zote tatu hii ndiyo iliyofanya uchunguzi uliofuata kuwa mgumu zaidi, kwani ilibidi kusubiri siku tano bila kunyunyizia dawa yoyote ili vishada vipya vitoke na dalili safi zionekane.

Uchunguzi wa mchana na wa usiku

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka alama. Kila mfuko uliokuwa na dalili ulipigwa msalaba wa chokaa, na mchoro wa banda ukachorwa kwenye karatasi ya daftari la skuli. Kama ugonjwa ungekuwa umeletwa na mbegu au na pipa moja la mabua yasiyochemka vizuri, misalaba ingefuata makundi ya upandaji. Haikufanya hivyo. Ilikaa katika mistari miwili iliyonyooka kutoka ukuta hadi ukuta, na ngazi ya juu ya chanja ilikuwa na misalaba mingi kuliko ya chini. Mtu akiinua macho kutoka kwenye mistari hiyo alikuta boriti mbili zilizobeba mabati.

Usiku uliofuata tuliingia bandani saa kumi alfajiri, mwandishi, Bi Mkubwa na kijana mmoja aliyeshika tochi. Mvua ilikuwa imekatika tangu magharibi na mbingu ilikuwa na nyota. Kijana alipomulika juu, upande wa chini wa bati ulikuwa umejaa matone yaliyosimama safu kwa safu kwenye mikunjo. Tone moja lilipovimba liliteleza kufuata mkunjo hadi kwenye boriti, likakusanyika na mengine, kisha likadondoka juu ya kofia. Tulihesabu kimya kimya: katika sehemu moja, tone lilianguka kila baada ya nusu dakika hivi. Bi Mkubwa hakusema neno. Aligusa bati kwa kiganja, akanishika mkono na kuuweka palepale ili nihisi ubaridi wake.

Maelezo yake ni mepesi. Usiku wenye mbingu wazi, bati hupoteza joto upesi kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa iliyo ndani ya banda. Hewa hiyo, iliyoshiba mvuke wa maji ya jioni na wa mabua yenyewe, ikigusa bati hutoa maji kama vile gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Makuti ya zamani, pamoja na panya wake, hayakuwa na tabia hiyo, kwa sababu ni mazito, yana hewa katikati yake na hayapoi kwa kasi ya bati.

Kipimo cha pili kilikuwa cha karatasi. Baada ya kunyunyizia saa kumi na moja jioni, kipande cha karatasi kavu kiligusishwa taratibu kwenye kofia zilizochaguliwa, kila saa moja, na aliyepima aliandika kama karatasi imelowa. Karibu na mlango kofia zilikauka kabla ya saa mbili kupita. Chini ya boriti karatasi ililowa saa mbili usiku, ikalowa saa sita usiku, na alfajiri bado ililowa. Katika kilimo cha uyoga wa kibiashara kanuni inayofuatwa ni kwamba kofia iwe imekauka ndani ya saa mbili hadi tatu baada ya kumwagiliwa. Hapa zilikuwa zikikaa na maji usiku kucha.

Kipimo cha tatu kilihitaji mabakuli mawili yenye vifuniko. Katika kila moja ziliwekwa kofia tatu nzima zilizochumwa upande wa mlangoni. Kipande cha kofia iliyooza kilipondwa katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, yakazimuliwa, na matone yake yakawekwa juu ya kofia za bakuli la kwanza; za bakuli la pili zilipata matone ya maji yaliyochemshwa peke yake. Baada ya siku mbili kofia zote tatu za bakuli la kwanza zilikuwa na mabaka ya kahawia yenye utelezi, na za bakuli la pili zilikuwa nyeupe. Kipimo hiki hakimtaji bakteria kwa jina, lakini kinaonyesha kwamba kuna kitu chenye uhai kinachoambukiza, na kwamba tatizo si kiu wala si kuungua kwa dawa.

Mabakuli yaliachwa yamefunikwa kwa kusahauliwa. Siku ya tatu, kofia moja ya bakuli la pili, ile iliyokuwa haijawekewa chochote ila maji safi, nayo ilianza kutoa vidoa. Mwenyekiti aliona kwamba jaribio limeharibika. Kwa maoni ya mwandishi, doa lile lilikuwa na thamani kuliko jaribio lote lililotangulia.

Jinsi bakteria wanavyouozesha uyoga

Dalili zilizoonekana zinalingana na ugonjwa wa madoa ya kahawia, unaosababishwa hasa na bakteria aitwaye Pseudomonas tolaasii. Ugonjwa huo ulielezwa na mtafiti Tolaas nchini Marekani mwaka 1915, na mwaka 1919 Paine wa Uingereza akamwainisha bakteria anayeuleta, ambaye jina lake limebaki kumkumbuka Tolaas. Walikuwa wakishughulika na uyoga wa vifungo unaolimwa nchi za baridi, lakini bakteria huyo huushambulia pia uyoga wa mamama.

Bakteria wa jamii hii hawasubiri kuletwa. Wanaishi ndani ya maji ya visima, kwenye udongo, kwenye mabua, katika vumbi na juu ya mikono yetu, na idadi yao ikiwa ndogo hawana madhara kwa uyoga. Wapo hata ndugu zao wanaousaidia: katika kilimo cha uyoga wa vifungo, baadhi ya bakteria wa jenasi hiyohiyo ya Pseudomonas huchangia vichipukizi kutokea. Kwa hiyo banda lisilo na bakteria kabisa haliwezekani, na hata lingewezekana lisingekuwa na faida.

Kinachobadilisha hali ni utando mwembamba wa maji juu ya kofia. Uyoga hauna ganda la nta kama jani la mgomba linalofanya maji yateleze; sehemu yake ya juu ni nyuzi hai zilizo wazi, na zaidi ya asilimia 85 ya uzito wake ni maji. Katika utando wa maji bakteria huogelea kwa mikia yao, hufuata vitu vinavyovuja kutoka kwenye nyuzi za uyoga, na katika joto la banda letu huzaana kwa haraka sana. Wakifikia wingi wa kutosha hutoa sumu iitwayo tolaasini, molekuli ndogo yenye sehemu ya protini na sehemu ya mafuta, ambayo huingia katika ngozi ya seli na kuitoboa. Seli iliyotobolewa humwaga maji yake, na maji hayo ndiyo chakula cha bakteria. Kofia ikikauka mapema, mzunguko huu hukatika kabla ya kufika kwenye sumu.

Rangi ya kahawia, kinyume na wanavyodhani wengi, si rangi ya bakteria. Seli za uyoga zikijeruhiwa, vimeng'enya vyake vyenyewe hukutana na hewa na kutengeneza rangi nyeusinyeusi, jambo lile lile linaloonekana kwenye bilingani lililokatwa na kuachwa juu ya sinia. Ndiyo maana jeraha la klorini na jeraha la bakteria vilifanana katika wiki ya tatu. Tofauti yao huonekana baadaye: lililoungua kwa dawa hubaki kavu na halisambai, la bakteria hulainika, huteleza na hukua.

Uozo laini unaofuata, ule wa kutoa maji na uvundo, mara nyingi huwa ni kazi ya bakteria zaidi ya mmoja. Katika uyoga wa vifungo wanajulikana wengine, kama Janthinobacterium agaricidamnosum na Burkholderia gladioli, wanaoyeyusha nyama ya uyoga na kuacha mashimo. Kwa mkulima wa Pemba tofauti ya majina haya ina uzito mdogo, kwa sababu wote wanahitaji kitu kimoja, nacho ni maji yasiyokauka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, uliopingwa kwa nguvu kuliko yote, ulikuwa kuacha kabisa kunyunyizia juu ya vishada. Maji yangemwagwa sakafuni na kwenye kuta, mara moja kwa siku, kabla ya saa nne asubuhi, na siku ya mvua kubwa yasimwagwe popote. Katika masika hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha. Mwenyekiti aliogopa kwamba uyoga ungekauka na kupungua uzito, na hoja yake ilikuwa ya haki, maana uyoga huuzwa kwa kilo. Tulikubaliana wajaribu chanja moja kwa siku tano. Uzito ulipungua kidogo sana, na kilichochumwa kiliuzika chote.

Uamuzi wa pili ulihusu paa. Mwandishi alipendelea mabati yaondolewe. Kikundi kilikataa, kwa kuwa fedha zilikuwa zimeshatumika na aibu ya kuezua mbele ya jirani si ndogo. Mwafaka uliofikiwa ulikuwa kutia dari la makuti mapya chini ya mabati, likiwa na mwinamo, ili matone yaangukie makuti na kutiririka ukutani. Juu ya ukuta, chini ya paa, yalifunguliwa matundu marefu pande mbili zinazotazamana yapitishe upepo, yakazibwa kwa vipande vya chandarua kikuukuu kuzuia vijinzi, ambao hutembea juu ya uozo na kubeba bakteria miguuni kuwapeleka kwenye vishada vizima.

Mifuko iliyooza hadi ndani ya mabua, ambayo ilikuwa chini kidogo ya theluthi, ilitolewa na kufukiwa mbali na banda na kisima. Iliyobaki ilitenganishwa ili hewa ipite katikati. Kishada kilichoonyesha doa kiling'olewa chote pamoja na kitako chake na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko na chokaa palepale, bila kukipitisha juu ya mifuko mingine. Aliyechuma alianza na mifuko mizima na kumalizia na yenye shaka, hata kama hilo lilimlazimu kuzunguka banda mara mbili.

Mapendekezo mawili yalikataliwa. La kwanza lilikuwa kuwasha jiko la mkaa ndani ili kukausha hewa. Jiko hujaza banda hewa ya ukaa, ambayo humfanya mamama atoe mashina marefu na kofia ndogo zisizo na soko, na moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu. La pili lilitolewa kwa nia njema na kijana wa banda: kufungua vidonge vya rangi mbili vya dukani na kuvikoroga kwenye maji, kwa kuwa ni dawa ya bakteria. Hili lilikataliwa bila mjadala mrefu. Chakula kinachochumwa kesho hakinyunyiziwi antibiotiki leo, na bakteria wa kisimani wakizoeshwa dawa hiyo, hasara haitabaki bandani.

Kuhusu klorini, kikundi hakikutaka kuiacha, na ikaruhusiwa kwa masharti: mililita 86 za dawa ya asilimia 3.5 kwa ndoo ya lita 20, zipimwe kwa bomba la sindano, zitumike kuosha chanja, sakafu na visu baina ya mikupuo, zisiguse vishada. Izingatiwe pia kwamba maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya chokaa na huwa na asili ya alikali. Katika maji ya pH 8, yaani yenye alikali kidogo, ni robo tu ya klorini iliyopo ambayo iko katika hali yenye nguvu ya kuua, kwa hiyo dawa ileile inayofanya kazi vizuri katika maji ya mvua hulegea katika maji ya kisima. Tangi la maji ya mvua lilikuwepo ua wa pili na halikuwa likitumika. Wakaanza kulitumia kwa kazi hiyo.

Matokeo

Katika wiki mbaya kuliko zote, daftari lilionyesha kilo nne zilizotupwa katika kila kumi zilizochumwa. Dari la makuti lilikamilika katikati ya Mei, na mwishoni mwa mwezi, mvua zikiwa bado zinanyesha, kilichotupwa kilikuwa chini ya kilo moja katika kila kumi. Vidoa havikuisha kabisa. Viliendelea kutokea kwenye kona moja ya nyuma ambapo dari lilikuwa na pengo na upepo haukufika, na kona hiyo ikawa ya kuwekea mifuko isiyotobolewa.

Hoteli haikurudi. Uyoga wa mwisho uliopelekwa huko ulichumwa mzima, ukafungwa katika beseni la plastiki lenye mfuniko, ukakaa kwenye gari saa nne, na ulipofunguliwa ulikuwa umeloa na kunuka. Bakteria hawakomi kazi uyoga unapochumwa, na beseni lililofungwa ni banda dogo lenye bati lake. Baadaye walianza kuchuma kabla ya kumwaga maji ya asubuhi, na kupanga uyoga katika mapakacha mapya yaliyotandikwa karatasi, ambayo hupitisha hewa. Soko la Chake Chake liliyakubali mapakacha hayo. Mteja aliyepotea alikuwa ameshapata muuzaji mwingine.

Uchambuzi wa kilichofaa na kilichoshindwa

Katika wiki tatu za mwanzo kikundi kiliuliza swali moja kwa njia tofauti: bakteria hawa wametoka wapi? Mbegu, mabua, kisima, kila kimoja kilishtakiwa kwa zamu. Swali hilo lina jibu, nalo ni kwamba wametoka kila mahali, na jibu la namna hiyo halimsaidii mkulima kufanya lolote. Swali lililofungua njia lilikuwa la saa: maji hukaa juu ya kofia kwa muda gani? Doa la siku ya tatu katika bakuli la maji safi lilikuwa likisema hivyo hivyo. Kofia ile ilibeba bakteria wake wachache tangu ilipochumwa, na siku tatu za unyevu bila kukauka ziliwatosha.

Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa, mwandishi anaamini kwamba kuacha kunyunyizia vishada na kutia dari ndivyo vilivyoleta sehemu kubwa ya nafuu, na klorini ilichangia kidogo kuliko kikundi kinavyoamini hadi leo. Haiwezekani kuvitenganisha kwa uhakika, kwa kuwa vilifanywa ndani ya wiki mbili na hakuna chanja iliyoachwa kama ilivyokuwa ili ilinganishwe. Hilo ni kosa la mshauri. Siku za jaribio la chanja moja zingeweza kurefushwa, na kila hatua ikapewa chanja yake.

Ratiba ya kwenye boksi inastahili kutazamwa kwa makini kuliko kosa lolote la mtu. Haikuwa mbaya: iliandikwa katika kaskazi na ilikuwa sahihi kwa kaskazi. Iliposhika mvua hakuna aliyeona kwamba ina msimu wake, na dalili za kwanza zilipotokea, wanachama waliifuata kwa bidii zaidi badala ya kuitilia shaka. Sasa boksi lina safu nne, ya kaskazi, masika, kusi na vuli, na katika safu ya masika sehemu ya kunyunyizia vishada imepigwa mstari.

Kuhusu daftari, kikundi kilikuwa na taarifa zote zilizohitajika tangu wiki ya kwanza. Namba za chupa za mbegu zilikuwemo, na maneno ya Bi Mkubwa kuhusu jasho yalikuwemo, yameandikwa kwa kalamu nyekundu kabisa. Yalipuuzwa kwa sehemu kwa sababu yalisemwa kwa lugha ya kawaida na si ya kitaalamu, na kwa sehemu kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa na zamu ya saa ambayo tatizo lilionekana; wengine waliingia jua likiwa limeshalipasha bati na kulikausha. Zamu za alfajiri sasa zinazunguka kwa wanachama wote.

Muuza mbegu alilipwa deni lake mwezi Juni, na mwenyekiti aliomba radhi kwa simu. Kwa masika yanayofuata kikundi kimeamua kutundika nusu tu ya mifuko, kwa nafasi mara mbili, na fedha zitakazosalia zitumike kuongeza matundu ya upepo katika ile kona ya nyuma.